Mume Wangu Alipeleka Ndama wa Mjane Kwenye Ruracio

Mpendwa mshauri Mama Tabby,

Naomba msaada wako, na kama kuna barua zingine kwa meza yako naomba hii uiweke juu, kwa sababu kikundi chetu kinakutana Jumatano ya mwisho wa mwezi na nikifika huko kama hujanijibu sijui nitafungua mdomo niseme nini. Naishi upande wa Wamagana, niite tu Mama Ngatia, na majina ya watu wote nimebadilisha isipokuwa ya ng'ombe, maana ng'ombe hawajamkosea mtu.

Mimi na mzee wangu Kinuthia tumekuwa watu wa kibarua tangu tuoane, tunachuna majani chai ya wengine, tunachuma kahawa ya wengine, tunapalilia viazi vya wengine, na msimu ukiisha ilikuwa natuma mtoto kwa jirani aombe chumvi, na wewe unajua vile mtoto hurudi polepole akinyimwa. Halafu kukaja kikundi kinaitwa Ngwatio, kilianzia kanisani lakini siku hizi kinachukua mtu yeyote ambaye hana kitu, na hicho kikundi hakikutupatia pesa wala unga. Tulifundishwa kwanza. Tulifundishwa kupanda nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kwa mitaro, kujenga zizi lenye sakafu na mahali pa kulala ng'ombe, kukamua kwa mikono safi, kuweka akiba kidogo kidogo, na ati bila zizi na bila nepia hupati ng'ombe hata ulie machozi ya damu. Kinuthia alilalamika sana lakini zizi alijenga, na alijenga vizuri.

Sheria ya Ngwatio ni moja na hata mtoto wa nasari anaijua: ndama jike wa kwanza si wako. Unamlea mpaka aachane na maziwa na apate nguvu, halafu unampatia familia inayofuata kwa foleni, nayo ikizaliwa ndama jike inapatia inayofuata. Siku ya kukabidhi tunaita siku ya kushika kamba. Anayetoa anashika kamba ya ng'ombe, anayepokea anashika hiyo hiyo kamba karibu na mkono wa mwenzake, watu wanaomba, na yule anayetoa haachilii mpaka asikie mkono wa mwenzake umekaza. Mimi nilishika na mama mmoja wa ng'ambo ya mto ambaye viatu vyake vilikuwa vimeshonwa na waya, na aliponiachia kamba nikaona analia, nikafikiri analia kwa sababu anapoteza mtamba, kumbe ni furaha, aliniambia hajawahi kumpa mtu kitu maisha yake yote, amekuwa wa kupokea tu.

Huyo mtamba ndiye Nyange, ng'ombe wa gredi, mweusi mwenye mabaka meupe, na Mama Tabby nikikuambia huyo ng'ombe alitutoa shimoni ujue sizidishi. Maziwa yanaenda kwa dairi, mtoto wangu wa mwisho yuko sekondari na hajawahi kufukuzwa, na mwaka jana ni mimi niliombwa chumvi. Nikapima nikajaza kikombe, nikarudi jikoni nikakaa chini nikalia.

Nyange alizaa jike, mweusi wote, na aliyekuwa anafuata kwa foleni ni Watiri. Watiri ni mjane, ana watoto watatu, anafua nguo za watu Nyeri mjini, na yule mama Mhindi anayemfulia, Mama Meera wa duka la vitambaa, ndiye alimpatia mabati ya zamani ya kuezeka zizi. Mbao alibeba mwenyewe kwa mgongo. Zizi lake liliisha hata kabla ndama hajaota pembe. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anapitia kwangu na mzigo wa nepia ya shamba lake, anamlisha ndama kwa mkono, anaongea naye, na ni yeye alimpa jina Kairu, kale keusi. Kairu akisikia sauti ya Watiri pale kwa geti alikuwa anaanza kulia, na mimi nilikuwa namtania, namwambia, "Mtoto wako huyu hatanikumbuka hata kwa Krismasi."

Sasa mtoto wetu wa kwanza, Ngatia, anafanya kazi ya makanika Karatina, na alikuwa amepata msichana wa Othaya, Nyawira, msichana mwenye heshima, na akashika mimba, ikabidi tuende kwao kujitambulisha. Tulienda na bahasha ya pesa. Wale wazee wa kina Nyawira walipokea vizuri, tukala, lakini mjomba mmoja akasema kwa kicheko, "Kinuthia, hii bahasha yako iko na miguu? Ama mlikuja na kitu inatembea ikabaki kwa gari?" Watu wakacheka, hata sisi tukacheka, lakini mimi namjua mzee wangu. Tukirudi nyumbani hakugusa chakula. Unajua, Mama Tabby, hata mimi hakunitolea ruracio, yaani mahari, baba yangu alikufa akingoja hata mbuzi mmoja, na hakuna siku nimemwambia Kinuthia neno juu ya hiyo, lakini mtu hahitaji kuambiwa.

Siku ya ruracio ilipofika, kulikuwa na jambo. Kairu hakuwa zizini tangu juzi yake. Kinuthia aliniambia ati amempeleka kwa daktari wa mifugo Nyeri kwa sababu anakohoa, na mimi nikaamini, nilikuwa na shughuli ya kupika na kutafuta mavazi. Tukafika Othaya na wimbo, tukaimba getini mpaka tukafunguliwa, wazee wakaingia kuongea, na tulipoitwa kuja kuona kilicholetwa nikaona Kairu amefungwa kwa mti katikati ya uwanja, ameoshwa, amefungwa leso shingoni. Sikio lake lilikuwa na kidonda kibichi pale palipokuwa na hereni ya njano ya kikundi. Kinuthia alikuwa ameing'oa.

Nilisimama. Nakuapia nilisimama pale na nikajua yote kwa mara moja. Na baba yake Nyawira, Mzee Waweru, akamshika mzee wangu mkono akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni mwanaume. Amekuja na kitu ya boma yake." Nikamwona Kinuthia mgongo wake umenyooka vile sijawahi kuuona. Wanawake wakanigeukia, mama wa bwana harusi ndiye anaanza, na mimi Mama Tabby nikafungua mdomo nikapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Nilipiga zote zinazotakiwa. Nilipiga mpaka koo ikauma.

Nyumbani nikamuuliza, "Baba Ngatia, hiyo ni ng'ombe ya nani umepeana?" Akanijibu, "Imezaliwa kwa boma yangu, imekula nyasi ya shamba yangu, imelala kwa zizi nilijenga na mikono yangu. Nyange iko na mimba ingine. Watiri atapata hiyo ingine. Si ni ndama tu? Ama unataka nirudi Othaya niseme nilikuwa nabebea mtu mzigo?" Asubuhi akaenda kwa mwenyekiti wa kikundi akamwambia Kairu amekufa, amefura tumbo, na ati amemzika haraka kwa sababu ya mbwa. Sheria inasema mnyama akifa lazima watu waitwe waone, lakini sisi tunaheshimika, hakuna aliyeuliza. Alikuwa amechimba shimo chini ya mparachichi na kulifukia, bila kitu ndani.

Watiri alikuja siku hiyo hiyo. Alikuja mbio na aproni ya kufulia bado ikiwa na sabuni. Hakuniuliza kama ni kweli, aliniuliza tu, "Amelala wapi?" Na mimi nikainua mkono nikamwonyesha mparachichi. Mkono wangu huu ninaoandikia. Akaenda akapiga magoti kwa ule mchanga, akakaa, halafu akasema neno ambalo tangu siku hiyo silali. Akasema, "Ni mimi nimemuua, Mama Ngatia. Jumapili nilimletea majani ya viazi vitamu na yalikuwa na umande. Tulifundishwa tusiwapatie majani mabichi na umande, watafura. Nilifundishwa na nikasahau. Nilikuwa nataka tu ale kitu kitamu." Nikasema, "Hapana, si wewe," na yeye akafikiri namfariji. Akanikumbatia. Yeye ndiye alinikumbatia mimi, akaniambia pole kwa hasara.

Na sasa amemwambia mwenyekiti aondolewe kwa foleni. Anasema mtu asiyeweza kukumbuka somo dogo hafai kupewa mnyama, apewe mwingine, yeye ataendelea na nguo za watu. Jumatano ndiyo wanachama watakubali aondoke na wataje familia nyingine. Nimepita kwake, nimeona ndani ya lile zizi ameanika nguo. Namtumia maziwa kila siku na mtoto, anarudisha chupa ikiwa imejaa, anasema hastahili. Hata kanisani haketi mbele tena.

Nikisema ukweli, Kinuthia ameniambia ataondoka na sitamwona tena, na namjua, aibu itamuua. Nyawira anakaribia kujifungua na ndoa ya mwanangu itaingia doa. Kikundi kinaweza kumchukua Nyange, kwa maana anayevunja sheria hunyang'anywa, na mtoto wangu atarudi nyumbani. Na nikinyamaza, nitamwona Watiri kila Jumapili mpaka nife. Kinuthia anasema tungoje ndama wa Nyange azaliwe, tumpelekee Watiri kama zawadi yetu, na yaishe, hata tutaonekana wema. Je, Mama Tabby, siwezi kufanya hivyo? Si mwishowe atapata ng'ombe? Nisaidie, mimi sina mtu mwingine wa kuambia.

Mama Ngatia,
Wamagana

Mama Tabby anajibu:

Mama Ngatia,

Barua yako nimeiweka juu kama ulivyoomba. Wenye waume wanaochelewa kurudi nyumbani watanivumilia, hao waume wataendelea kuchelewa hata wiki ijayo.

Pole sana. Mama yangu aliuza viazi soko la Karatina mpaka miguu ikakataa, kwa hivyo sihitaji kuelezwa mtoto anayerudi bila chumvi anatembea vipi. Najua Nyange ni nini kwako. Nimesoma pale ulipopima kikombe cha chumvi ukajaza, na nikaweka karatasi chini kidogo. Hiyo pole ni yako yote, ichukue uiweke, maana nimemaliza kukubembeleza.

Umeniuliza kama unaweza kungoja ndama mwingine azaliwe umpe Watiri kama zawadi. Hapana. Huwezi. Kwanza wewe ni mfugaji, unajua Nyange anaweza kuzaa dume, na hapo Kinuthia atasema tungoje wa tatu. Lakini hata akizaa jike mwenye nyota kwa paji la uso, bado hapana. Unataka kumpa mtu kitu chake halafu akushukuru! Apige magoti akuombee baraka, na wewe usimame hapo useme karibu? Mama, hebu jisikie.

Barua yako yote umelilia watu. Umemlilia mume, mwana, mkamwana, mtoto wa shule. Umelia vizuri. Lakini wewe unadhani kosa lenu ni ndama, na ndama ni kosa dogo kuliko yote mliyofanya. Ndama yuko Othaya, anakula, anaweza kurudi kesho kwa pikapu. Lile kubwa ni kwamba kuna mwanamke hapo kijijini kwenu ambaye anaamini ameua kitu alichokipenda, na anaamini hivyo kwa sababu wewe uliinua mkono ukamwonyesha pa kulilia. Alifundishwa, akajenga, akabeba mbao kwa mgongo, akafika mlangoni pa kujitegemea, na ninyi mkamrudisha mkimwambia kwamba yeye ndiye mbaya. Na ameamini! Maskini huamini upesi kwamba kosa ni lake, amezoea kuambiwa hivyo. Hata wewe uliamini hivyo miaka mingi, ndiyo maana ulipomwona mama mwenye viatu vya waya analia ulifikiri anasikitika.

Hayo maziwa acha kuyatuma. Hayo si ya Watiri, hayo ni dawa yako wewe, na anafanya vyema kuyarudisha ingawa hajui kwa nini.

Sasa Kinuthia. Usifikiri simwonei huruma. Mwanaume aliyechekwa mbele ya wakwe ana kidonda ambacho hakionekani, na yule mjomba wa Othaya mwenye utani wa bahasha na miguu anastahili kuchapwa kiboko kimoja. Lakini mwambie mzee wako neno hili kutoka kwangu, na umwambie polepole ili liingie: hajapeleka kitu Othaya. Hata kwato moja. Ruracio ni kitu kinachotoka kwa boma ya mtu, Mzee Waweru alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Kairu hakuwa wa boma yenu. Alikuwa anapita tu, mlimlaza kwa njia kama mgeni. Kwa hivyo Kinuthia bado hajamtolea Nyawira, na huyo msichana ataingia kwenu akibeba jina la kuolewa kwa ng'ombe wa mjane. Mzee Waweru akijua, unafikiri ni nani atakasirika zaidi? Hakuna baba Othaya wala popote anayetaka hiyo kwa binti yake. Na atajua. Njia ya mwongo ni fupi, na kutoka Wamagana hadi Othaya ni fupi zaidi, watu wanakutana sokoni kila siku. Mtoto wa Watiri atapita huko siku moja amwone Kairu anamkimbilia.

Tena mwambie kwamba nyuma ya Watiri kuna foleni. Ndama wa Kairu alikuwa wa mtu, na ndama wa huyo ndama alikuwa wa mwingine. Mtu akikuletea gunia la unga, unakula, linaisha, umebaki na gunia. Ngwatio hawakuwaletea gunia. Aliyekupa Nyange alikuwa maskini kama wewe, na kitu pekee alichokuomba ni kwamba usikae na kamba. Mmekaa nayo.

Haya, fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumatano.

Leo jioni mkinywa chai mwambie Kinuthia kwamba unaenda kwa Watiri. Unamwambia, humwombi ruhusa. Akisema ataondoka, mwambie koti lake liko nyuma ya mlango na kwamba ungependa sana asiondoke. Usipige kelele, usimtukane, usimkumbushe baba yako na mbuzi ambaye hakuja. Hilo ulilinyamazia miaka yote, endelea kulinyamazia. Mimi nadhani hataondoka. Mwanaume aliyejenga zizi vile ulivyonieleza hana pa kwenda.

Halafu uende kwa Watiri na miguu yako mwenyewe. Usitume mtoto, usipitie kwa mchungaji, usipeleke kitu kwa mkono. Mwambie kwa maneno mafupi: Kairu yuko hai, yuko Othaya, tulimtoa ruracio, nilijua, nikanyamaza. Usiseme "lakini". Anaweza kukufukuza. Anaweza kukupiga. Anaweza kukaa kimya, na hiyo ndiyo itakuuma kuliko zote. Vumilia chochote atakachokupa, maana ni chake kutoa.

Siku hiyo hiyo Nyange atoke kwako aende alale katika zizi la Watiri, na akamuliwe huko, maziwa yawe ya Watiri, mpaka Kairu arudi. Najua nimekuuma. Nimesema hivyo kwa makusudi, kwa sababu Kinuthia anajua kungoja, amengoja maisha yake yote, lakini hatangoja akiona zizi lake tupu. Yeye na mzee mmoja anayeheshimiwa waende Othaya waseme ukweli mbele ya Mzee Waweru, waombe Kairu arudi, na Kinuthia aahidi atakacholeta kutoka kwa jasho lake, hata kama ni mbuzi mmoja, na hata kama ni mwaka ujao. Sisi tunasema ruracio haiishi, na tunasema kama mzigo. Kwake wiki hii hiyo ni rehema. Na Ngatia aambiwe pia, aende na baba yake. Ni ndoa yake, na si mtoto.

Jumatano msimame nyinyi wawili, au usimame peke yako, useme kabla mtu hajasoma jina la Watiri. Mwenyekiti akisema Nyange anachukuliwa, achukuliwe. Sitakudanganya kwamba hilo haliwezekani. Umeniambia ng'ombe huyo alikutoa shimoni, na ni kweli, lakini nepia bado iko shambani, zizi bado limesimama, na mikono iliyofundishwa kukamua haijasahau. Hivyo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Na kwa watu niliowajua, kikundi cha watu waliowahi kulala njaa husamehe anayesimama mwenyewe. Anayefumaniwa ndiye hawamsamehei. Mficha uchi hazai, mama, na wewe umeficha vya kutosha.

Jambo la mwisho, na hili usiliruke hata ukiruka mengine yote. Kumwambia Watiri kwamba Kairu yuko hai hakutatosha. Mara ya kwanza ulipomwambia si yeye, alifikiri unamfariji, na safari hii pia atafikiri hivyo. Kwa hivyo ukishamaliza kusema, mwombe aje nawe hadi kwenu, mpaka chini ya mparachichi. Usimwite Kinuthia akusaidie. Chukua jembe kwa ule mkono uliomwonyesha, ufukue lile shimo mbele yake, ufukue mpaka mwisho, hadi aone kwa macho yake kwamba ndani hamna kitu, na hakuna alichoua.